Kompyuta inakataa kubuti kwenye CD? Anza na diski, BIOS itafuata

Mafundi wengi wakitaka kompyuta ibuti, yaani ianze kazi kwa kusoma CD, nao wakaona imeipuuza na kuingia moja kwa moja kwenye Windows ya zamani, mkono unakimbilia BIOS, ile programu ndogo ndani ya mashine inayoiwasha, kabla macho hayajaitazama diski yenyewe. Wanazima hiki, wanawasha kile, na baada ya nusu saa hakuna anayekumbuka mashine ilikuwa imepangwaje mwanzoni. Hapo tatizo moja limeshazaa matatu. Kwenye kazi hii mkosaji wa mara kwa mara ni diski iliyochomwa vibaya, yaani data imeandikwa vibaya juu yake, na diski unaweza kuipima bila kulegeza hata skrubu moja.

Kwa wanaouliza nani bado anatumia CD: nenda kwenye kompyuta za mtumba. Dell OptiPlex na HP Compaq za ofisini zinazotoka Ulaya na Dubai na kuishia Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi zina draivu ya DVD, na zile kuukuu zaidi hubuti flashi kwa kusuasua au hazibuti kabisa. Yuko pia anayehitaji Windows XP kwa sababu mashine yake ya kazi ina programu isiyokubali kitu kingine. Huyo flashi itamsumbua kuliko CD.

Kwanza ujue kompyuta inatafuta nini. Ukiiwasha, BIOS inakagua vifaa, inapitia orodha yake ya kubuti, na ikifika zamu ya draivu ya CD inasoma sekta namba 17 ya diski. Sekta moja ya CD ni baiti 2,048, kwa hiyo ni baiti ya 34,816 kutoka mwanzo. Hapo inatafuta maneno EL TORITO SPECIFICATION. Ndiyo, El Torito, jina la mgahawa wa chakula cha Kimeksiko. Kanuni hiyo iliandikwa na Phoenix pamoja na IBM, ikatoka Januari 1995, na hadi leo diski za kubuti za PC zinaifuata. Maneno hayo yakikosekana, BIOS hailalamiki. Inaruka tu kwenda kwenye kifaa kinachofuata. Ndiyo maana diski mbovu na mpangilio mbovu wa BIOS vinafanana kabisa ukiviangalia kwenye skrini: vyote viwili vinaishia kwenye Windows ya zamani, au kwenye maandishi kama "No bootable device" au "Reboot and Select proper Boot device".

Maneno yakiwepo, sekta hiyo inaelekeza kwenye orodha ndogo inayosema programu ya kuanzishia iko wapi. BIOS inaipakia na kuiachia kazi, na kuanzia hapo yenyewe haihusiki tena. Basi swali la kujiuliza kabla ya kugusa chochote ni moja: mambo yamekwama kabla ya makabidhiano hayo au baada yake? Ukiona herufi yoyote iliyotoka kwenye diski, hata ujumbe wa kosa wenye neno ISOLINUX au CDBOOT (programu za kuanzishia za Linux na Windows), basi mpangilio wa kubuti uko sawa, achana nao. Tatizo liko mbele.

Diski iliyochomwa vibaya

Chukua diski, itie kwenye kompyuta nyingine inayofanya kazi, uifungue. Ukikuta faili moja tu linaloishia na .iso, umemaliza uchunguzi. Faili la ISO ni nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta. Likichomwa kama faili la kawaida, linakaa ndani ya diski kama barua ndani ya bahasha isiyofunguliwa, na sekta ya 17 inakuwa na kitu kingine.

Wengi wanajua hilo. Wasilolijua ni kosa la pili, ambalo ni la hila zaidi: kufungua ISO kwa WinRAR au 7-Zip, kutoa mafaili yote, halafu kuyaburuta kwenye CD na kuyachoma. Diski hiyo ukiifungua inapendeza. Ina setup.exe, ina folda ya boot, ina folda ya sources, kila kitu kipo. Na haibuti, kwa sababu rekodi ya El Torito si faili, haiburutiki. Kwa hiyo ile kauli ya mtaani kwamba ukiona mafaili basi diski imechomwa sawa ni nusu ya ukweli.

Kupima kwa uhakika, tumia kompyuta yenye Linux, au Linux yoyote inayokimbia kwenye flashi. Tia diski, fungua terminali, andika:

dd if=/dev/sr0 bs=2048 skip=17 count=1 | strings

Diski isiyo na kasoro itajibu kwa mistari miwili, CD001 na EL TORITO SPECIFICATION, mbali na hesabu za dd yenyewe. Ukipata CD001 bila huo wa pili, diski hiyo haitabuti kwenye PC yoyote duniani, hata ukikesha na BIOS. Ukipata kosa la kusoma, diski ina mkwaruzo au draivu imechoka. Kwenye Windows hakuna amri fupi kama hiyo, lakini unaweza kulipima faili la ISO kabla ya kulichoma: lifungue kwa 7-Zip, na kama ni la kubuti utaona folda yenye jina [BOOT] juu ya orodha.

Kuchoma kwenyewe ni rahisi. Windows 7 na zilizofuata zina kifaa chake: bofya kulia kwenye faili la ISO, chagua Burn disc image, weka tiki kwenye Verify disc after burning. Usiiruke hiyo tiki. Inaongeza dakika chache, lakini ndiyo inayokuambia kama kilichoandikwa ndicho kilichosomwa. ImgBurn inafanya vilevile ukichagua Write image file to disc, na kwenye Linux ziko Brasero na K3b. Kasi: kwa CD-R chagua 16x, kwa DVD 4x au 8x. Ushauri wa zamani wa kuchoma kwa 1x kwenye kila kitu haufai siku hizi. Diski tupu za sasa zimetengenezwa kwa kasi kubwa, na kasi ya chini mno inaweza kutoa mchomo mbaya kuliko ya wastani.

Kabla ya kuchoma, hakikisha faili lenyewe limeshuka zima. Bando likikatika katikati, kivinjari kinaweza kukuachia ISO pungufu inayoonekana kamili. Kwenye Windows:

certutil -hashfile jina.iso SHA256

Kwenye Linux ni sha256sum jina.iso. Linganisha herufi 64 unazopata na zile zilizoandikwa pale ulipopakulia. Herufi moja tu ikipishana, pakua upya.

Unaweza pia kuisoma diski iliyokwisha kuchomwa na kuilinganisha, ila hapa kuna mtego unaowafanya watu watupe diski zisizo na kasoro. Gawanya ukubwa wa ISO kwa 2,048 upate idadi ya sekta. ISO ya baiti 734,003,200, kwa mfano, ni sekta 358,400. Kisha:

dd if=/dev/sr0 bs=2048 count=358400 | sha256sum

Usipoweka hiyo count, dd itasoma mpaka sekta za ziada ambazo programu ya kuchomea huziweka mwishoni, na utapata herufi 64 tofauti au hata kosa la kusoma, ilhali diski haina neno.

Jambo la mwisho kuhusu kuchoma: diski ya kubuti usiiongezee kitu baadaye. Nafasi iliyobaki inavutia, lakini ukiongeza mafaili unaanzisha kipindi kipya cha uandishi, na BIOS nyingine zitaangalia kipindi hicho kipya na kukosa rekodi ya kubuti.

Je, draivu inaiweza diski hiyo?

CD-R ya kawaida inabeba MB 700. DVD ya tabaka moja imeandikwa 4.7 GB kwenye kopo, lakini watengenezaji wanahesabu kwa bilioni; Windows itakuonyesha 4.37 GB hivi. ISO za Windows 10 za miaka ya karibuni, za Windows 11, na za Ubuntu 24.04 zimepita hapo, kwa hiyo zinahitaji DVD ya matabaka mawili yenye 8.5 GB. Programu ya kuchomea ikikuambia haitoshi, usitafute ujanja wa kulazimisha. Debian ina ISO ndogo iitwayo netinst inayoingia kwenye DVD ya tabaka moja bila shida, na kwa kompyuta kuukuu hiyo ndiyo ya kuanzia.

Halafu kuna suala la mwanga. Draivu ya DVD ina leza mbili ndani ya kichwa kimoja: ya CD ni nanomita 780, ya DVD ni 650. Moja inaweza kufa nyingine ikabaki. Draivu inayocheza CD za muziki vizuri huku haioni DVD yoyote haina tatizo la waya wala BIOS. Imepoteza jicho moja. Na kabla hujailaumu, soma nembo iliyo usoni mwake. Iliyoandikwa Compact Disc peke yake ni draivu ya CD tu, na DVD kwake ni kioo cha kujitazamia.

Diski za kufuta na kuandika upya, CD-RW, zinarudisha mwanga kiasi cha asilimia 15 hadi 25, wakati CD-R inarudisha zaidi ya 65. Draivu mpya hazijali. Draivu iliyochoka, au ya miaka ya tisini, inaweza isiione kabisa. Ukiwa na mashine ya zamani, nunua CD-R ya kuandika mara moja, ya kampuni inayojulikana, uokoe muda wako.

Kipimo kizuri cha draivu, waya na BIOS kwa mpigo mmoja ni CD ya Memtest86+. Ni programu ndogo ya kupima RAM, ISO yake ni ya MB chache tu, na ukiichoma kwenye CD-R moja utaitumia miaka. Ikibuti, basi mashine inabuti CD, na kasoro iko kwenye diski yako ile nyingine. Toleo la 6 lililotoka mwaka 2022 na yaliyofuata yanabuti kwa BIOS ya zamani na pia kwa UEFI, mrithi wake kwenye mashine mpya. Ila zima Secure Boot kwanza, ule ulinzi wa UEFI unaokataa programu zisizo na saini unayoitambua.

Ujumbe wa sekunde tano

Diski za Windows zina jambo lake. Zinapoanza, zinaandika "Press any key to boot from CD or DVD..." zikiongeza nukta moja baada ya nyingine, kwa sekunde tano hivi. Usipobonyeza kitu, zinaachia kompyuta iendelee na diski kuu (hard disk). Wapo wanaochukulia huo ni utani wa mashine na kusubiri. Wapo pia wanaobonyeza bila mafanikio kwa sababu kibodi ni ya wayalesi na wakati huo bado haijatambuliwa. Chomeka kibodi ya waya kwenye porti ya USB ya nyuma, si kwenye habu. Isipokubali bado, tafuta kwenye BIOS mstari wa USB Keyboard Support au Legacy USB uuwashe, au tumia kibodi ya PS/2 kama mashine ina tundu lake la duara.

Sasa BIOS

Diski imepita vipimo, ndipo uingie hapa. Na hata hapa, usianze kwa kubadilisha mpangilio wa kudumu. Tumia menyu ya kubuti ya mara moja: F12 kwa Dell, Lenovo, Acer na Toshiba, F9 kwa HP, au Esc kisha F9, F8 kwa mazabodi (bodi kuu) za Asus na Esc kwa laptopu zake. Gonga kitufe mara kwa mara tangu unapowasha, usikishikilie. Kwa Acer menyu hiyo mara nyingi imezimwa, ukaiwashe ndani ya BIOS kwa F2, mstari wa F12 Boot Menu.

Kama mashine ina Windows 8 au mpya zaidi, amri ya Shut down haizimi kabisa. Inalaza sehemu ya mfumo ili iwake haraka kesho, na vitufe vinaweza visipate nafasi. Shikilia Shift ukibofya Restart, au fungua Command Prompt kama msimamizi uandike shutdown /r /fw /t 0, na kwenye mashine ya UEFI itakupeleka moja kwa moja kwenye mipangilio. Fast Boot iliyo ndani ya BIOS yenyewe nayo uizime. Hiyo inaruka ukaguzi wa baadhi ya vifaa, na draivu ya CD inaweza kuwa mojawapo ya vinavyorukwa.

Kwenye menyu ya kubuti angalia kwanza kama draivu imetajwa. Isipotajwa, ruka sehemu hii uende kwenye nyaya. Ikitajwa mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI mbele na nyingine bila, uchaguzi wako una matokeo. Windows XP na Windows 7 ya biti 32 hazina njia ya UEFI, chagua isiyo na neno hilo. Windows 10 kwenye diski kuu iliyogawanywa kwa mtindo wa GPT inataka yenye UEFI. Ukikosea hapo, diski itabuti vizuri tu, na dakika kumi baadaye utaambiwa "Windows cannot be installed to this disk. The selected disk is of the GPT partition style." Si lazima ufute diski kuu ya watu kwa sababu hiyo. Rudi nyuma, chagua mstari ule mwingine.

Mashine yenye UEFI ikikataa diski ya zamani, washa kipengele kinachoiga BIOS ya zamani, kinachoitwa CSM au Legacy Boot, na uzime Secure Boot. Subiri kidogo lakini. Kama Windows iliyopo imefungwa kwa BitLocker, kugusa Secure Boot kunaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48 ikiwaka tena. Muulize mwenye kompyuta kama anao kabla hujagusa. Na mashine nyingi mpya hazina CSM kabisa. Kwa hizo, diski ya XP sahau.

Kwenye BIOS za Phoenix, kifaa kinaweza kuwa juu kwenye orodha na bado kimezimwa. Alama ya mshangao mbele ya jina ndiyo dalili. Shift+1 inakirudisha, na vitufe vya kujumlisha na kutoa vinakipandisha na kukishusha. Kwenye Dell angalia visanduku vya tiki, si mpangilio peke yake.

Kompyuta za mtumba zina mkosi wao mwingine: neno la siri la ofisi iliyokuwa nazo. Unaingia, unaona kila kitu, hubadilishi kitu. Kwenye OptiPlex nyingi za mezani kuna jampa, kikofia kidogo kinachounganisha pini mbili, kwenye mazabodi iliyoandikwa PSWD; zima, chomoa waya wa umeme, toa kile kikofia cha jampa, washa mara moja, zima, kirudishe. Kwa laptopu hakuna njia nyepesi namna hiyo, kwa hiyo ingia BIOS ukiwa bado dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Ukipanga vizuri na kesho mpangilio umerudi ulivyokuwa, tazama tarehe. Kama nayo imerudi nyuma miaka, betri ya CR2032 imekwisha. Mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 2.7, weka nyingine.

Draivu haionekani kabisa

Zima, chomoa umeme, fungua. Kwenye mashine za SATA, zile zenye waya mwembamba wa data, badilisha waya huo kwa mwingine unaojua ni mzima, kisha badilisha porti. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichoponya. Kwenye OptiPlex kila porti ina swichi yake ndani ya BIOS, SATA-0, SATA-1 na kuendelea, na draivu iliyohamishiwa porti iliyozimwa haitaonekana hata ukiibadilisha mara kumi. Mazabodi zenye porti za ziada za chipu ya JMicron au Marvell nazo zina kisirani: draivu inaonekana vizuri ndani ya Windows lakini haibuti. Ihamishie porti za chipu kuu.

Kwenye mashine za IDE, zile zenye utepe mpana wa waya, tazama jampa nyuma ya draivu. Vifaa viwili kwenye utepe mmoja haviwezi vyote kuwa MA (master). Kimoja kiwe MA, kingine SL (slave), au vyote viwili viwe CS (cable select) kama utepe unakubali. Dalili ya kugongana ni BIOS kukaa kimya muda mrefu wakati wa kukagua vifaa, kisha kuonyesha kimoja tu, au jina lililojaa herufi za ajabu.

Umeme pima kwa mita. Waya wa njano na mweusi utoe volti 12, mwekundu na mweusi 5, ukiruhusu asilimia tano juu au chini. Draivu ya laptopu ni tofauti, inatumia volti 5 pekee. Draivu ya nje ya USB ndiyo yenye njaa kuliko zote: porti ya USB 2.0 imeahidi miliampia 500, na mota ikianza kuzungusha DVD inaweza kutaka mara mbili ya hapo. Inazunguka, inalia tik, inasimama, inaanza upya. Tumia waya wenye vichwa viwili, vyote vichomekwe nyuma ya kompyuta.

Kama draivu inaonekana lakini inahangaika kusoma kila diski, safisha lenzi kabla hujainunulia mbadala. Vumbi la kwetu linaingia popote. Kwa laptopu ni rahisi, trei ikitoka lenzi iko juu yake. Kwa ya mezani itabidi ufungue kifuniko cha chuma. Umeme uwe umechomolewa kabisa, leza si ya kuchungulia. Lowesha kijiti cha pamba kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pitisha taratibu bila kukandamiza, iache ikauke dakika chache. Petroli, thina na pafyumu vitaila, lenzi ni plastiki. Diski yenyewe ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Kufuta kwa kuzungusha kunaacha mikwaruzo inayofuata njia ya data, na hiyo ndiyo draivu inayoshindwa kuifidia.

Imeanza, kisha imekwama

Hapa BIOS imeshatoka kwenye kesi. "ISOLINUX: Image checksum error, sorry" maana yake kilichosomwa si kilichoandikwa: choma upya, au tumia draivu nyingine. Mistari ya "SQUASHFS error" inayoshuka kama mvua ni diski isiyosomeka, na mara chache ni RAM mbovu. Ile CD ya Memtest86+ itatoa jibu. Windows ikisema "A media driver your computer needs is missing", au Windows 7 ikitoa ujumbe wake wa namna hiyo, watu hukimbilia kutafuta draiva (programu za kuendeshea kifaa) za diski kuu. Mara nyingi hakuna draiva iliyokosekana, ni DVD iliyochomwa vibaya, au kwa Windows 7, draivu ya nje iliyochomekwa kwenye USB ya bluu (USB 3.0) ambayo mfumo huo hauijui. Kosa la 0x80070570 katikati ya kunakili mafaili ni wimbo huohuo.

"This kernel requires an x86-64 CPU" ni kwamba umeweka mfumo wa biti 64 kwenye prosesa ya biti 32. Hakuna cha kurekebisha, tafuta ISO ya biti 32.

XP ikifika kwenye skrini ya bluu yenye 0x0000007B, au ikidai haikuona diski kuu yoyote, ni kwa sababu haina draiva ya AHCI, namna ya kisasa ya kuwasiliana na diski za SATA. Badilisha SATA Mode kwenye BIOS kutoka AHCI kwenda IDE. Ila kama mashine ina Windows nyingine ndani, badiliko hilo litaifanya hiyo nayo ianguke kwa kosa hilohilo mpaka urudishe.

Na kuna ujumbe mmoja wa ajabu, "Select CD-ROM Boot Type", wenye 1 na 2 na usiokubali kubonyezwa chochote. Unatokea zaidi kwenye Mac za Intel za mwanzo na baadhi ya PC za kipindi hicho, zikipewa DVD ya Windows ya biti 64. Diski hiyo ina njia mbili za kubuti, ya BIOS na ya UEFI, na mashine imechanganyikiwa. Dawa ni kuitengeneza ISO upya kwa oscdimg ya Microsoft, ukitaja faili la etfsboot.com pekee, ili ibaki na njia ya BIOS tu.

Draivu ikiwa imekufa kweli na mashine haijui kubuti USB, usiitupe bado. Plop Boot Manager inaweza kuwekwa kwenye diski kuu au flopi, na yenyewe ndiyo inayoisoma flashi badala ya BIOS. Ni ya taratibu kwenye mashine za USB 1.1, lakini inafika.

Usakinishaji ukianza na kompyuta ikajizima na kujiwasha katikati, ule ujumbe wa "Press any key" utatokea tena kwa sababu diski bado imo. Safari hii usibonyeze kitu. Ukibonyeza, utaanza usakinishaji upya kutoka mwanzo, na utadhani mashine imeingia kwenye mzunguko usioisha. Mfumo ukishawaka wenyewe, toa diski na urudishe diski kuu juu ya orodha.